Sare ya Mtoto wa Watu

3 Aprili

Nimesomeshwa kwa lugha mbili na nimenyamaza kwa zote mbili. Ndiyo maana sielewi kwa nini wamenichukua mimi kwenye kazi ya ukalimani. Watu wa utafiti walikwenda shuleni kuuliza ni mwanafunzi gani ana Kiswahili kizuri na lugha ya shule nzuri pia, na mwalimu wangu wa darasa akanitaja. Mtu akishatajwa na mwalimu hana pa kukimbilia. Shule imefungwa kwa ajili ya mvua, na kazi itakwisha ikifunguliwa.

Utafiti wenyewe ni wa watoto: wanakula nini, wanacheza au hawachezi, nani anawapiga, nani anawasikiliza. Unafanyika katika nchi nyingi kwa mpigo, maswali yale yale, ili wakubwa wa kila nchi waje waulizwe mbona watoto wenu wako hivi.

Mama aliposikia akaacha kukanyaga cherehani. "Wewe? Wewe ambaye mgeni akibisha hodi unaingia uvunguni?" Chiriku akacheka mpaka akaangusha sindano, ikabidi tuitafute sote kwa magoti.

4 Aprili

Mvua.

5 Aprili

Niandike nyumba yetu ilivyo, maana sina la kufanya na siwezi kutoka.

Mama ni fundi cherehani na huu ni msimu wa sare. Shule zikifungwa ndipo wazazi wanapokumbuka kwamba watoto wamerefuka. Chumba cha mbele kimejaa kamba, na kwenye kamba kuna mashati, sketi na kaptura, zinaning'inia kama watoto wasio na vichwa. Nikitoka chumbani asubuhi napita katikati yao nikiwa nimeinama. Paa linavuja karibu na dirisha, basi kuna beseni pale, na kila mvua ikizidi Chiriku ndiye anayekimbia kusogeza kamba.

Chiriku ni binti wa mama mdogo. Jina la Chiriku tumempa sisi kwa sababu haachi kusema: atakusimulia ndoto yake, akimaliza atakusimulia ya jirani. Alikuja kwetu mwaka juzi, mama yake alipougua, na walikubaliana kwamba aje asome. Alipofika muhula ulikuwa umeshaanza, Mama akasema ataanza muhula ujao. Muhula ujao ulipofika kazi zilikuwa nyingi. Uliofuata, mimi nilikuwa na mitihani na mtu wa kupika hayupo. Sasa ni jambo ambalo halisemwi tena. Likisemwa, linasemwa hivyo hivyo: muhula ujao.

Kazi yake ni kupika, kuchota maji, kufagia, na matundu ya vifungo. Cherehani yetu ni ya zamani, haishoni matundu. Lazima yashonwe kwa mkono, moja moja, uzi ukizunguka ukingo wa kitambaa mpaka tundu liwe na mdomo mgumu. Macho ya Mama hayayawezi tena. Ya Chiriku yanayaweza.

7 Aprili

Siku ya kwanza. Watoto waliletwa kwenye darasa tuliloazimwa. Mtafiti ni mama wa makamo anayetoka mbali, Kiswahili chake kinaishia kwenye "habari" na "asante sana." Wote wanamwita Daktari ingawa hatibu mtu, na jina hilo limetuponza. Mtoto wa kwanza aliingia akauliza, "Sindano iko wapi?" Nikatafsiri. Daktari akaonyesha viganja vitupu, akafungua mkoba wake wote. Mtoto hakuamini hata kidogo, alikaa ameshika bega lake mpaka mwisho.

Kazi inakwenda hivi. Kuna picha zilizopangwa mezani: mtoto amelala, mtoto anakula, watoto wanacheza mpira, mtoto na kitabu, na mwanamume mwenye jembe, ambaye ndiye kazi. Mtoto anapewa konzi ya maharage makavu ayagawe juu ya picha kufuata siku yake inavyopita. Panapochukua siku kubwa anaweka mengi. Halafu tunazungumza.

Kabla ya yote lazima niseme: "Ukitaka kuacha, acha. Swali usilolitaka, sema sitaki, na hakuna atakayekukasirikia." Sauti yangu ilitoka kama ya paka aliyefunikwa na gunia. Dereva wa Daktari, ambaye alikuwa mlangoni anajikinga na mvua, akasema, "Bubu wetu amesema. Leo kutapambazuka mara mbili." Nadhani hilo ndilo litakuwa jina langu.

Jioni nilimsimulia Chiriku. Kilichomshangaza ni kimoja tu.

"Mtoto anasema sitaki, wanamwacha?"

"Wanamwacha."

"Hawampigi?"

"Hawampigi."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Hao ni wageni kweli."

9 Aprili

Hakuna anayeweka maharage juu ya kazi. Hakuna hata mmoja. Leo alikuja binti mdogo kuliko Chiriku, amebeba mtoto mgongoni, na muda wote anagawa maharage alikuwa anajitikisa ili mtoto asilie. Daktari akamwonyesha picha ya jembe. "Na hapa?"

"Mimi sina kazi," akasema. "Kazi anayo baba."

Ndani ya gari Daktari akaniambia hakutegemea haya, watoto wa hapa wanapumzika kuliko alikotoka. Niligeukia dirishani. Nilijua kuna kitu hakiko sawa, lakini kukijua ni jambo moja na kukisema ni safari nyingine.

10 Aprili

Mvua. Beseni limejaa, Chiriku amelimwaga, limejaa tena.

12 Aprili

Nilitaka kujizoeza ili nisitetemeke mbele ya watoto, nikamwomba Chiriku awe mtoto na mimi niwe Daktari. Nikachora zile picha juu ya karatasi ambazo Mama huchorea vipimo. Maharage hatukuwa nayo, tukatumia vifungo.

Akakaa kitako, akajifanya mgeni. "Sindano iko wapi?"

"Acha mchezo."

"Si umesema niwe mtoto?"

Aliweka vifungo vichache kwenye kulala, vichache kwenye kula. Kwenye mpira akaweka kimoja, akakifikiria, akakiondoa. Vilivyobaki akavirundika pembeni mwa karatasi, mahali pasipo na picha.

"Hivi mbona hujaviweka?"

"Havina pa kukaa. Hapa kuna mtu na jembe. Mimi jembe nimelishika lini tangu nije huku?" Kisha akanisukumia kopo la vifungo. "Sasa weka vyako, dada."

Nikaweka. Kitabu, kulala, kula, tena kitabu. Kucheza nilikuwa na vingi pia, kwa sababu kukaa bure kunahesabiwa hapo. Chiriku akaangalia karatasi yangu kama mtu anayeangalia chumba cha watu kupitia dirishani.

"Kumbe siku yako ni pana hivi," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Chai unayokunywa asubuhi umeiweka wapi?"

"Kwenye kula."

"Na mimi niliyeipika niko picha gani?"

Akacheka mwenyewe, akaanza kuokota vifungo kwa sababu Mama alikuwa anavihitaji. Mimi sikucheka. Nimekaa na karatasi ile mpaka sasa. Miaka yote hii nilidhani nyumba yetu inajifagia.

13 Aprili

Nimesema. Nilingoja mpaka tuko barabarani, mvua inapiga paa la gari na hakuna anayeweza kunikodolea macho, nikamwambia Daktari kwamba watoto wanafanya kazi ila picha si yao. Mtoto hajioni kwa mwanamume mwenye jembe. Ndoo na mtoto wa mgongoni havikuchorwa, kwa hiyo hawana pa kuviweka.

Alinigeukia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu yule binti mwenye mtoto."

"Usinifanyie hivyo tena," akasema. "Nimetoka mbali kuja kuambiwa mambo kama haya."

Alinipa karatasi ngumu nichore mwenyewe. Nikachora ndoo, mtoto mgongoni, sufuria jikoni, fagio. Mwisho nikachora mkono unaoshona kifungo, na kwenye kidole cha shahada nikatia ule mkunjo unaoachwa na uzi.

"Mkono wa nani?" Daktari akauliza.

"Wa mtu tu."

Dereva akachungulia. "Bubu ana mkono mzuri. Sasa tujue kama ana mdomo."

16 Aprili

Ndoo. Ndoo. Mtoto mgongoni. Ndoo.

18 Aprili

Nimetafsiri mpaka taya linauma. Nikifumba macho nasikia sauti za watoto, zote zinaongea kwa mkupuo, na mimi niko nyuma kwa sentensi moja.

20 Aprili

Yule binti mwenye mtoto tulimwomba arudi. Safari hii alimwaga karibu konzi nzima juu ya picha ya mtoto mgongoni, kisha akanyoosha kiganja.

"Yamekwisha," nikamwambia.

"Hayatoshi."

Daktari akamwongezea. Akayaweka yote pale pale.

Baadaye akaja mvulana aliyefika kwenye swali la nani humpiga akasema sitaki. Daktari akafunga faili, akamshukuru. Mvulana hakuondoka. Alikaa barazani na Dereva, wakawa wanatupa vijiwe kwenye dimbwi bila kuzungumza, mpaka mvua ikawaingiza ndani. Dereva hakutania mtu leo.

Nilirudi nyumbani nimelowa. Chiriku akanivua viatu kabla sijainama. Nikamwambia niache nitavua mwenyewe. Akaniuliza kama nina homa.

22 Aprili

Siku chache zilizobaki tutawatembelea watoto majumbani, na nyumba zinachaguliwa kwa kura. Dereva alitoa kofia yake, Daktari akatia vikaratasi vyenye namba za milango, akavuta. Cha tatu kilikuwa namba yetu.

Siku ya kwanza kabisa Daktari alituambia msaidizi hafanyi kazi nyumbani kwao. Nilifungua mdomo niseme. Dereva akapiga honi kumfukuza mbuzi barabarani. Nikaufunga mdomo, na sikuufungua tena.

Lakini nyumbani niliufungua. Nilimwambia Mama kwamba keshokutwa watu wa utafiti watakuja kwetu.

"Wanauliza nini?"

"Mambo ya watoto. Kama wanasoma. Kama wanafanya kazi."

Akamwangalia Chiriku aliyekuwa ameinamia shati. Kisha akaangalia kamba. Sikuelewa anaangalia nini pale.

23 Aprili

Mvua. Mama hasemi na mtu.

24 Aprili

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Nilitoka asubuhi kwenda kukutana na gari kama kawaida. Tulipita nyumba mbili za mwanzo, na kila moja nilisema moyoni, nikitoka hapa namwambia Daktari. Sikumwambia. Gari likasimama mbele ya mlango wetu, na Mama akatokea, akasema, "Karibuni. Mwanangu, mletee mgeni kiti."

Daktari hakuhitaji tafsiri. Alinigeukia. "Hapa ni kwenu."

"Ndiyo."

"Tulisema nini kuhusu hili?"

Niliangalia viatu vyangu. Maji yalikuwa yameanza kupita juu ya barabara na Dereva alisema tukienda kutafuta mkalimani mwingine hatutarudi leo wala kesho. Daktari alisimama mlangoni, mvua inamlowesha bega moja. Mwishoni akasema tutafanya, lakini ataandika kwamba mkalimani ni wa nyumba hii. Aliingia akiwa ameinama chini ya kamba za sare.

Chiriku alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameweka miguu pamoja. Alikuwa amevaa sare.

Shati jeupe, sketi ya buluu. Niliijua ile sketi, ni ya mtoto wa mteja mmoja anayekuja kuichukua wiki hii. Ilikuwa bado na uzi mweupe wa bandi, ule wa kushikiza kwa muda, kwenye pindo, na kiunoni alama ya chaki. Nywele alikuwa amechanwa. Hakuniangalia.

Sheria ni kwamba mtoto aulizwe mbali na masikio ya wakubwa, basi Mama akahamia barazani na kazi yake, cherehani ikahamishwa naye. Nikamsikia anaanza kukanyaga.

Nikasema maneno yangu ya kila siku. Ukitaka kuacha, acha. Swali usilolitaka, sema sitaki. Chiriku akaitikia kwa kichwa kama ndiyo kwanza anayasikia.

"Unasoma?" Daktari akauliza kwa mdomo wangu.

"Nasoma. Darasa la tano."

Huko barazani cherehani ikanyamaza.

"Nieleze shule yako."

Na Chiriku akaeleza. Alisema anakaa dawati la pili, karibu na dirisha, na dirisha lina kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Mwalimu wa hesabu ana kikohozi, kwa hiyo ukiwa mtoro unajua yuko wapi kabla hajakuona. Rafiki yake huiba chaki. Mara moja walifungiwa darasani na nyuki. Alieleza vizuri, kwa mikono, kama anavyoeleza ndoto zake, na Daktari akacheka mahali pa kucheka.

Dawati lilikuwa langu. Dirisha langu, kikohozi cha mwalimu wangu. Nilimsimulia hayo yote jioni za nyuma, yeye anashona matundu na mimi nimelala chali mkekani nimeshiba. Sikujua kwamba anayaweka. Nilidhani anasikiliza tu.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, macho sakafuni. Sijawahi kutafsiri vizuri kama leo.

Kisha maharage. Akayapima kiganjani, akaweka mengi juu ya kitabu, mengi kidogo kwenye mpira. Akafika kwenye picha ya mkono na kifungo. Aliitazama muda. Ni mkono wake, sidhani hakuujua.

"Hapa namsaidia mama mkubwa kidogo," akasema, akaweka mawili.

Cherehani ikaanza tena.

Daktari akauliza swali la mwisho analowauliza wote: kuna kitu ungependa watu wakubwa wakijue? Chiriku akaangalia kamba zilizojaa sare juu ya kichwa chake. "Wakisema kitu, wakifanye," akasema. Akaona nimekwama. "Tafsiri, dada."

Walipoondoka alisimama, akavua sketi taratibu asifumue bandi, akaikunja kwa mistari yake, akaenda kupasha pasi. Alikuwa na kazi ya kuondoa mikunjo kabla mwenyewe hajaja. Mama aliichukua sketi kuikagua, akatia mkono mfukoni, akatoa harage moja. Alilishika kama hajui ni kitu gani. Akaliweka kwenye ubao wa cherehani, karibu na kile chuma kinachobana kitambaa.

25 Aprili

Harage liko pale pale. Mama anashona kulizunguka.

27 Aprili

Nilimwambia Daktari kwamba yaliyosemwa kwetu si kweli, ayafute.

"Nilijua," akasema. "Sare ilikuwa na chaki. Na wewe ulikuwa unaongea na sakafu."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu si maneno yako wala yangu. Ni ya mtoto. Yeye tu ndiye anaweza kuyaondoa. Muulize." Akavua miwani, akasugua macho. Niliona kwamba naye amechoka, labda kuliko mimi, na kwamba nilikuwa nimemtegemea kama mtu anavyotegemea mvua iondoe uchafu. Nikamuuliza kama utafiti utampeleka Chiriku shule.

"Utafiti wetu utamhesabu," akasema. "Pamoja na wengine wengi, ili sheria zibanwe, shule zijengwe. Inachukua miaka. Yeye ana mingapi?"

Nikamtajia.

"Basi usitungoje sisi."

Dereva alinirudisha. Njiani akasema bila utani, "Mimi wangu wa kwanza alianza shule amechelewa. Alikuwa mrefu kuliko ubao. Lakini alianza."

28 Aprili

Nilimkuta Chiriku jikoni anapepea mkaa uliolowa. Nikamwambia: yale uliyosema, unaweza kuyaondoa. Hakuna atakayekukasirikia.

"Sitaki."

"Lakini si kweli."

"Sikudanganya," akasema. Moshi ulimfanya alie, akajifuta kwa kiwiko. "Nilitangulia tu. Nyie mtanikuta huko."

29 Aprili

Mvua. Nilijiandaa kusema na Mama. Alikuwa na mteja. Kisha mwingine. Kisha nikaogopa.

1 Mei

Leo nimesema, na sikusema vizuri, lakini nimesema.

Mama alikuwa anatunga uzi kwenye cherehani na anakosea tundu, anaramba uzi, anakosea tena. Nikautunga mimi. Nikiwa bado nimeinama karibu na mkono wake nikamwambia shule inafunguliwa wiki ijayo, na Chiriku aende.

"Muhula ujao."

"Huu ndio muhula ujao, Mama."

Akaegemea nyuma. "Umefundishwa na wale."

"Hapana."

"Nilikuwa nimeona haya, mwanangu. Waandike kwamba mtoto wa mdogo wangu nimemfanya mtumishi? Wapeleke mbali huko wasome?" Akashika sketi iliyokuwa mbele yake, akaiachia. "Na ni nani aliyekwambia sitaki asome? Viatu vyako vinatoka wapi? Vitabu vyako? Vinatoka kwenye matundu yale. Siku nikimwachia, matundu atashona nani?"

"Mimi."

"Wewe hujui hata kufunga fundo."

"Nitajifunza. Jioni. Na chai nitapika mimi asubuhi."

"Na masomo yako?"

Hilo sijui mpaka sasa. Niliukazia macho ubao wa cherehani. Ndipo nikaona lile harage, liko palepale, na maneno yakanitoka kwa Kiswahili, hayakupitia lugha nyingine kwanza:

"Ulishamvalisha, Mama. Usimvue."

Hakunitazama. Kwa mwendo wa mtu anayetafuta miwani alipapasa ubao wa cherehani mpaka akaligusa harage, akalisogeza kidogo, akalirudisha.

"Ondoka hapo," akasema. "Unanizibia mwanga."

2 Mei

Sare zinachukuliwa, kamba zinabaki tupu moja baada ya nyingine.

3 Mei

Asubuhi Mama alimwita Chiriku, akamzungushia tepu kiunoni bila kusema ni kwa nini.

"Simama wima. Usitoe tumbo. Mbona umekonda hivi, unakula wapi wewe?"

Chiriku kimya. Mara ya kwanza nimemwona kimya akiwa macho.

Kitambaa cha kukata sketi nzima hakikuwapo. Mama alikusanya mabaki ya wateja, akayapanga mezani, akayapindua huku na huku. Ni mabaki ya shule mbili, na buluu zao hazifanani: moja ya wino, nyingine imepauka kidogo. Akakata, akaunga. "Ikifuliwa zitakaribiana," akasema, ingawa sote tulijua hazitakaribiana.

Mimi nimeanza matundu. Mama alichukua la kwanza akalisogeza mwangani. "Hili ni tundu au jeraha?" Akalifumua. La pili akalifumua. La tatu akaliacha, nadhani kwa uchovu.

4 Mei

Siku ya mwisho ya kazi. Daktari alinipa ile picha ya mkono niliyochora, kwa sababu wamechapisha nakala na sasa itatumika kwingine pia. Akasema asante sana, kwa Kiswahili chake chote. Dereva akanipungia: "Kwaheri, Bubu. Usianze kusema sana sasa, utatuharibia jina."

6 Mei

Shule zimefunguliwa. Nilipika chai mimi. Ilikuwa na majani mengi, Mama akainywa hivyo hivyo.

Chiriku alitoka kabla yangu. Sikumsindikiza, alikataa, alisema hatembei na watu wa sekondari.

Jioni alirudi, akavua viatu, akakaa mkekani karibu na mimi. Nikaendelea na tundu langu. Kidole changu kimepata mkunjo.

"Haya," nikasema. "Leta habari."

"Wamenipima kusoma, wakanishusha. Darasa la tatu. Magoti hayaingii chini ya dawati." Akavinyoosha vidole vya miguu. "Wananiita shangazi."

"Ukasemaje?"

"Nikawaamuru waniamkie."

Mama alikuwa anakanyaga cherehani, lakini polepole.

"Mwalimu naye akauliza hii sketi ni ya shule gani. Nikamwambia ya zote mbili. Halafu akanisimamisha mbele niimbe. Nikasema sitaki."

"Akakuacha?"

"Niliimba." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Wale si wageni, dada."

Akalivuta shati lililokuwa magotini mwangu, akatazama tundu nililoshona, akatikisa kichwa kama fundi mzee, akanyoosha mkono apewe sindano. Nilimpa. Alikuwa ameshapitisha uzi mara mbili Mama aliposema bila kugeuka, "Wewe umepewa kazi ya shule?"

"Nimepewa. Kusoma ukurasa."

"Basi soma."

Shati likarudi kwangu, na mengine mawili juu yake. Nina zoezi la hesabu sijaligusa. Mgongo unauma, macho yananiwasha, na kesho ni hivi hivi, na keshokutwa. Mvua imepungua, beseni linadondokewa mara moja moja. Chiriku anasoma kwa sauti, vibaya, neno moja, anasimama, anarudi, neno jingine. Mama amesimamisha cherehani ili amsikie.